Karata Iliyoelekea Jikoni

Kapteni Dufrene alikuwa na tabia ya kufunga kesi kwa vidole. Aliinua vitatu mbele ya uso wa Sajini Philomène Rochon, akaanza kuvikunja kimoja kimoja.

"Karata. Fimbo. Mto. Unataka nini tena, Rochon?"

"Nataka maiti, Kapteni."

"Subiri mto. Ukichoka nayo utaileta wenyewe."

Sajini Rochon hakucheka. Bi Eulalie Dessalles, mtu mzima wa miaka sabini na kitu, alikuwa akisoma karata za taroti, zile za kutabiria, kwenye Uwanja wa mbele ya kanisa kuu tangu Rochon hajavaa hata sare ya shule, achilia mbali ya polisi. Majirani hawakumwona tangu Jumapili. Jumatatu asubuhi fimbo yake ya kutembelea ilikutwa kwenye ngazi za tuta la mto, na mzoa taka mmoja akasema alimwona bibi kizee amesimama pale alfajiri, anayatazama maji. Askari waliofungua nyumba yake walikuta jikoni kumefagiliwa, na juu ya meza karata moja tu imelazwa wazi: Mtundikwa, mtu aliyening'inia mtini kwa kamba. Askari aliyeiona wa kwanza hakujisumbua kuuliza zaidi. Aliandika kwamba marehemu aliaga kwa picha.

"Mtu ananing'inia kwenye kamba," Kapteni alisema. "Mimi si mpiga ramli, lakini macho ninayo."

"Ananing'inia kwa mguu."

"Kwa mguu, kwa shingo, kamba ni kamba."

"Na insulini? Duka la dawa wanasema alichukua ya kutosha Ijumaa. Kwenye friji kulikuwa na maziwa, bamia na supu ya kaa. Insulini hakuna hata chupa moja."

"Alizitupa."

"Mtu anakwenda kujizamisha, halafu anaanza kwa kusafisha friji?"

Kapteni alishusha pumzi. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na majalada mengi na askari wachache, na joto la Juni la New Orleans lilikuwa limeshampanda kichwani. "Wazamiaji walioko mtoni wana mpaka jioni. Wakitoka majini, hii kesi inatoka mezani kwako. Sawa?"

"Na kama yuko hai mahali? Ana kisukari na kidonda mguuni. Tukiacha kumtafuta nchi kavu, atakufa kwa sababu yetu."

"Mpaka jioni, Rochon."

Tuta la mto lilikuwa na watu wachache. Noemie Dessalles, binti pekee wa Bi Eulalie, alikuwa ameketi kwenye ngazi zilezile ilipokutwa fimbo, bado amevaa aproni ya kazini, kwa maana alikuwa mpishi wa shule na alitoka huko bila kuaga. Pembeni yake kikombe cha kahawa kilikuwa kimepoa bila kuguswa. Kila mzamiaji alipoibuka, mgongo wake ulikakamaa; alipoonekana mikono mitupu, ulilegea tena. Kuutazama mgongo ule kulimtia Rochon uchungu, naye akaketi karibu yake.

"Dada Noemie, uliniambia ulikosana na mama. Hukuniambia mlikosana kwa jambo gani."

"Lina maana gani sasa?"

"Kwangu lina maana."

Noemie alilikunjakunja pindo la aproni. "Mguu. Kile kidonda kimeoza. Daktari alisema ukatwe chini ya goti, tena haraka, la sivyo sumu itapanda. Mama akakataa katakata. Akasema alizaliwa na miguu miwili na atazikwa nayo. Nimembembeleza, dada yangu, mpaka ulimi umekauka. Siku ya mwisho nikapandisha hasira. Nilikuwa mlangoni, majirani wote nje wanasikia."

"Ukamwambiaje?"

"Nilimwambia, 'Basi kufa nayo.'" Aliyatazama maji. "Halafu Jumapili sikwenda kula kwake. Sijawahi kukosa Jumapili. Nilijifanya nimechoka. Nilitaka aone uchungu kidogo. Sasa yuko humo ndani, na mimi ndiye niliyemwambia aende."

"Bado hatujui kama yuko humo."

"Wewe hujui. Mimi najua."

Rochon alitoa picha ya jikoni iliyopigwa na askari kabla ya mtu yeyote kugusa chochote; hilo alikuwa amelihakikisha mara mbili. Ilionyesha meza ya mbao, viti viwili vinavyotazamana, na karata katikati.

"Mama alikuwa akikaa kiti kipi?"

"Hiki cha upande wa jiko, chenye mto. Cha dirishani ni cha wageni. Hata mimi nikija nakaa cha wageni, na ole wangu nikijisahau."

"Tazama karata. Namba yake iko juu ukiwa umekaa wapi?"

Noemie alipangusa macho, akaigeuza picha huku na huku. "Ukiwa umekaa kwenye kiti cha mama. Imemtazama yeye. Si alikuwa anajisomea tu?"

"Alikuwa akijisomea?"

"Mambo yake ya karata siyajui. Alitaka kunifundisha nikakataa, akaninunia mwaka mzima. Nenda Uwanjani ukawaulize wenzake."

Rochon alikuwa ameshakwenda Uwanjani asubuhi ile kuuliza nani alimwona Bi Eulalie, na aliambulia mabega yaliyopandishwa. Safari hii hakuuliza mtu. Alizunguka uzio wa Uwanja polepole, akinywa soda, kama mtu mwenye siku yake ya mapumziko, na akatazama mikono ya wasomaji inavyozilaza karata. Bibi wa kilemba cha zambarau alijiwekea mwenyewe, mteja akawa anaziona kichwa chini. Kijana wa tatuu naye vilevile. Mapacha wa karibu na lango, vilevile. Meza baada ya meza, karata zilimtazama msomaji.

Mpaka alipofika meza ya mwisho, kwenye kona isiyo na kivuli. Hapo alikaa Mzee Télesphore Gaspard, kofia ya majani kichwani, koti la kitani limepigwa pasi likanyooka. Alikuwa akimsomea mtalii mmoja mwekundu kwa jua, na kila karata aliyoifunua aliigeuza kwanza, akamwekea yule mtalii imtazame yeye. Gaspard mwenyewe alikuwa akisoma kinyumenyume bila tabu yoyote.

Mtalii alipoondoka, Rochon akakaa.

"Polisi nawasomea bure," Gaspard alisema. "Mkilipa mnaanza kudai risiti."

"Nataka karata moja tu, mzee. Mtundikwa."

Mkono wa Gaspard ulisita kidogo. Kisha akaichambua karata kutoka kwenye fungu lake, akaiweka mbele ya Rochon, imegeukia kwake. Mtu mmoja ananing'inia kwa kifundo cha mguu kwenye mti, kichwa chini.

"Kapteni wangu anasema ni karata ya mtu wa kujiua."

"Kapteni wako ashike bastola yake, karata atuachie sisi." Gaspard aliinama. "Umeshaona mtu ananyongwa kwa mguu? Tazama uso. Huyo anaumwa?"

"Ametulia."

"Ametulia. Mikono ameiweka nyuma, lakini tafuta kamba mikononi, huioni. Hakufungwa na mtu. Mguu wa pili ameukunja kama mtu aliyepumzika barazani. Mti wenyewe una majani, ni mti hai. Na hiyo nuru kichwani, unadhani wanampa mtu aliyekata tamaa?"

"Sasa anafanya nini pale juu?"

"Ameacha kushindana." Mzee alisema hivyo taratibu, na sauti ya kufanyia biashara ilikuwa imemwondoka. "Binti yangu, wanaokuja kukaa hapo ulipokaa, wengi wamekunja ngumi. Huyu ameng'ang'ania mume aliyekwisha kuondoka. Huyu ameng'ang'ania nyumba iliyochukuliwa na maji ya tufani, mpaka leo analipia ufunguo wa mlango usiokuwepo. Wanataka niwaambie vitarudi. Karata hii inasema fungua mkono. Kaa kichwa chini kidogo, uione dunia kwa upande mwingine, halafu utaamua. Kuna kunyang'anywa kitu na kuna kukitoa mwenyewe. Ukihesabu, wote wawili wamebaki bila kitu. Lakini hawalali usingizi mmoja."

"Kwa hiyo si karata ya kifo."

"Ni karata ya mtu aliyeamua kuishi kwa bei ambayo jana alikuwa anaikataa."

Rochon aliitazama kwa muda. Kisha akauliza, kama jambo dogo tu, "Mbona unaniwekea mimi? Wenzako wote wanajiwekea wao."

"Ndivyo nilivyofundishwa. Karata ni ya mteja. Usimgeuzie mtu maisha yake mwenyewe kichwa chini."

"Nani alikufundisha?"

"Bibi Zénobie, Mungu amrehemu. Alikuwa na meza pale langoni."

"Na nani mwingine alifundishwa naye?"

"Eulalie."

"Tu?"

"Tu. Mimi na yeye. Na tangu mwaka wa tufani hatusemezani, Uwanja mzima unajua. Tuligombania ile nafasi ya kivulini."

"Msomaji anaweza kujisomea mwenyewe?"

"Thubutu! Bibi Zénobie angekuchapa vidole. Ukijisomea unajidanganya, unaona unachotaka kuona. Lazima mwenzako akusomee."

Rochon aliilaza picha ya jikoni juu ya meza, kando ya karata.

"Hiki ndicho kiti cha Bi Eulalie. Karata imemtazama yeye. Kujisomea hajisomei, umesema mwenyewe. Kwa hiyo mtu mwingine alikaa hapa dirishani, akaifunua, akamgeuzia. Nimezunguka Uwanja mzima, mzee wangu. Wanaomgeuzia mteja karata ni wawili peke yao, na mmoja ndiye ninayemtafuta."

Mzee Gaspard alivua kofia. Akaivaa. Akaivua tena.

"Niliapa," alisema.

"Kwa nani?"

"Kwake. Haya mambo ni kama kwa padri, Sajini. Anachosema mteja mezani hakitoki."

"Yuko hai?"

Gaspard aliizungusha kofia mikononi.

"Nakuuliza hivi kwa sababu kuna watu wamevaa mitungi ya hewa wanamtafuta chini ya mto."

"Nimewasikia." Kona moja ya mdomo wake ilicheza. "Nikasema waache waoge. Kumpata hawatampata."

"Na Noemie?"

"Noemie amefanyaje?"

"Yuko pale kwenye ngazi tangu asubuhi. Kila anapoibuka mzamiaji anakakamaa akidhani wamemshika mama yake. Anaamini amemwua kwa mdomo wake. Amesema hivyo mbele yangu."

Ile kona ya mdomo iliacha kucheza. Gaspard aliziangalia karata zake kana kwamba zimemsaliti, na machoni mwake mlikuwa na aibu ambayo mtu wa umri wake hakuzoea kuonwa nayo.

"Sikujua yuko pale," alisema. "Wallahi sikujua. Nilidhani wamekwisha kukosana, hajali." Akaanza kuzikusanya karata. "Wiki iliyopita Eulalie alikuja hapa, akakaa hapo ulipokaa, mbele ya watu wote. Akasema, 'Gaspard, sijakusamehe, lakini Jumapili njoo unisomee.' Nikamwambia wasomaji wamejaa. Akasema wengine watampa maneno matamu, na yeye hana muda wa kulishwa peremende. Nikaenda. Swali lake lilikuwa moja, mguu. Nilipoifunua karata nilitaka kuirudisha. Iangalie vizuri. Mguu mmoja umeshikwa, mwingine umefichwa nyuma. Ukitazama haraka unaona mguu mmoja tu. Nikajua sasa ananirushia birika."

"Akafanyaje?"

"Aliitazama muda mrefu. Halafu akasema, 'Anatabasamu, mshenzi huyu.' Akalia, nikamwacha alie. Alipomaliza akaniuliza kama lile gari langu bado linatembea."

"Ukampeleka wapi?"

"Ng'ambo ya ziwa, hospitali ambayo hakuna anayemjua. Jumatatu alfajiri. Kwanza alitaka kusimama mbele ya mto kwa miguu miwili, kwa mara ya mwisho. Akashindwa kupanda ngazi kurudi, nikambeba. Mtu mzito, Sajini, usione vile. Fimbo tukaisahau."

"Na kwa nini bintiye asijue?"

"Alisema Noemie akijua atakuja. Akija atasema 'si nilikuambia?' Na akisema 'si nilikuambia?', yeye atashuka kitandani akimbie na mguu wake. Nisimwambie mtu mpaka uwe umekatwa."

"Unakatwa lini?"

"Walikuwa wanasubiri sukari ishuke." Gaspard alitazama saa ya kanisa kuu. "Leo. Alasiri."

Rochon alikuwa ameshasimama. "Kunja meza yako, mzee."

Noemie hakupiga ukelele alipoambiwa. Alimtazama Rochon, akamtazama Gaspard, akamwuliza yule mzee, "Unaniambia kweli?" Gaspard alipoitikia kwa kichwa, akamsukuma kifuani kwa mikono miwili, kwa nguvu, kisha akamkumbatia palepale. Rochon alitumia muda huo kumpigia simu Kapteni awatoe wazamiaji majini. Kapteni aliuliza kama ana uhakika. Alijibu kwamba atakuwa nao akifika ng'ambo.

Daraja la Ziwa Pontchartrain ni refu hata kwa mtu asiye na haraka. Noemie alikaa mbele, mikono mapajani, na njia nzima alisema jambo moja tu.

"Sitasema 'si nilikuambia'. Nikifungua mdomo kusema hivyo, nipige."

"Mimi ni polisi," Rochon alisema. "Nikikupiga nitaandika ripoti mpaka Krismasi."

Dawati la hospitali lilikuwa na muuguzi mwenye heshima nyingi na msimamo wa chuma. Alisikiliza yote, akaangalia beji, akaangalia tarakilishi, akasema hana la kuwaambia. Mgonjwa akiomba asitajwe, hatajwi, hata akiulizwa na polisi kwa simu, na walishaulizwa. Rochon alielewa sasa kwa nini simu zake za jana kwa hospitali ziliishia ukutani. Alikuwa akitafuta maneno ya kumlainisha alipohisi mtu anampita begani.

"Mimi ni kaka yake," Gaspard alisema. "Jina langu liko humo. Télesphore. Na hawa ni wageni wangu."

Muuguzi alisoma, akainua uso, akatabasamu kwa mara ya kwanza. "Chumba cha mwisho kushoto. Wanakuja kumchukua sasa hivi."

Bi Eulalie Dessalles alikuwa amelala, kofia ya karatasi kichwani, mguu wa kulia umefungwa bandeji mpaka chini ya goti. Alipowaona mlangoni, alimkazia macho Gaspard kwanza.

"Mbea wewe."

"Nimelazimishwa na serikali," Gaspard alisema, akabaki mlangoni.

"Na huyu ni nani?"

"Polisi, mama," Noemie alisema.

"Kwani nimeiba nini?"

"Wanakutafuta mtoni! Jiji zima! Wazamiaji, maboti, mimi nimekaa pale..." Noemie alisimama katikati ya chumba, mdomo wazi, na Rochon aliona kabisa maneno yale yaliyokatazwa yakimfika kooni. Noemie akayameza. Akasema, "Samahani, mama. Kwa nililosema mlangoni. Sikumaanisha."

Bi Eulalie alimtazama bintiye. Uso wake mkavu ulilegea.

"Najua hukumaanisha, mtoto wangu. Lakini ningekubali siku ile, ungekuwa umeuchukua wewe. Nilitaka niutoe mimi." Akapiga godoro kwa kiganja. "Njoo ukae hapa. Hapo pa mguuni, siumii, hausikii kitu."

Noemie alikaa. Aliuweka ule mguu mapajani mwake kwa uangalifu, bandeji na vyote, akauzungushia mikono. Rochon alirudi nyuma mpaka akafika aliposimama Gaspard, na wote wawili wakajifanya wanasoma tangazo la kunawa mikono.

Magurudumu ya kitanda cha upasuaji yalisikika kwenye ukumbi.

"Sikiliza haraka," Bi Eulalie alisema. "Waambie wasiutupe. Nimeshamuuliza padri, anasema inaruhusiwa. Uupeleke kwenye kaburi letu, uuweke kando ya baba yako. Mwambie nimeutanguliza huu, na mwenzake asiungoje leo wala kesho."

"Mama, jamani!"

"Na usiupeleke mtupu. Uvalishe soksi ile nyeupe ya lesi. Mama mkwe wangu yumo humo ndani, na sitaki aanze kusema."

Noemie aliinamisha kichwa juu ya ule mguu, na mabega yake yakatikisika, na kwa muda hakuna aliyeweza kujua kama ni kicheko au kilio, pengine hata yeye mwenyewe. Wauguzi waliingia. Akawapisha, akafuta uso kwa aproni, akamgeukia Sajini Rochon.

"Dada, hapa karibu kuna duka la soksi?"